MAGARI YA WAYA NA MABATI: KUYAPIMA, KUYAKATA NA KUYAPAMBA

Mazungumzo haya yalitolewa kwa viongozi wa vikundi vya vijana pamoja na wazazi waliofika kuwasikiliza. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa. Tumeacha tu yale maswali yaliyokatiza katikati na kelele ya nyundo.

 Sogeeni mbele kidogo, kwa sababu leo kuna vitu vya kushika kwa mkono. Hii hapa mezani ni matatu. Imetengenezwa kwa bati la mkebe wa maziwa ya unga, waya, spoki za baiskeli na mpira wa pata pata. Hii nyingine hapa pembeni pia ni matatu, au ilikusudiwa iwe matatu. Nimezileta zote mbili kwa makusudi. Ile nzuri mtaishika nyote. Hii mbaya nitaishika mimi peke yangu, na baadaye mtajua ni kwa nini.

Wengi wetu hapa tulikua tukiona magari ya waya. Kijana anatoka shule, anaokota waya, anaukunja kwa meno na mikono, anaweka vizibo vya soda viwe magurudumu, anaunga mti mrefu wenye usukani juu, kisha anakimbia nalo njiani akinguruma kama lori la majani chai linalopanda mlima. Sisi wasichana tuliambiwa huo ni mchezo wa wavulana. Hata mimi nilipomaliza diploma yangu ya kazi ya ustawi wa jamii, nilikuwa nikiuona kama mchezo tu. Kijana akinionyesha gari lake ninasema "vizuri, vizuri," halafu ninamuuliza habari ya shule. Nilikuwa naangalia mbali na kitu alichokuwa ameshika, na kumbe ndicho kitu alichokijua zaidi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitembelea kikundi cha vijana kumi na wawili mtaani kwetu. Wengine walikuwa wameacha shule, wengine walikuwa wakilala nje kabla ya kuja kwetu. Mmoja wao alikuwa na mikono ya ajabu. Unampa waya na plaisi, unaenda kunywa chai, ukirudi unakuta lori. Basi nikamchukulia gari lake moja nikalipeleka kwa mwenye duka la vitu vya watalii. Akalipenda. Akasema anataka matatu 36, kila moja shilingi 250, na akatoa amana ya shilingi 3,000 papo hapo. Mimi nikatoka pale nimejaa furaha, nikafikiri kazi imekwisha.

Kazi haikuwa imekwisha. Hatukuwa na kipimo. Kila kijana alikata kwa macho yake. Tukapeleka magari 36, na hakuna mawili yaliyofanana. Mengine yalikuwa marefu kama treni, mengine mafupi kama kibanda cha kuku. Magurudumu yalichomoka ukiyasukuma. Lakini lile lililotumaliza ni hili. Mwenye duka alikuwa na mtoto wa dada yake pale dukani. Mtoto akachukua gari moja akalikumbatia, na ukingo wa bati ukampasua kiganja. Alishonwa nyuzi tatu. Magari yote yalirudishwa, na mwenye duka alitaka amana yake. Alikuwa na haki.

Gari mliloliona nimelishika ni moja katika yale 36. Ukipitisha kidole hapa kwenye paa utakatika mpaka leo.

Sasa, nitarudi kwenye habari ya ile amana. Kwanza tuseme juu ya kazi yenyewe, maana mmekuja kujifunza kazi.

Jambo la kwanza ni kipimo. Gari dogo la mfano ni gari kubwa lililogawanywa, na ni lazima kila sehemu igawanywe kwa namba ile ile. Watu wa nchi za nje wanaotengeneza haya magari kwa viwanda wana vipimo vyao vilivyozoeleka: 1 kwa 18, 1 kwa 24, 1 kwa 43, 1 kwa 64. Yale madogo ya kutoshea kiganjani ambayo watoto wanaletewa Krismasi mengi ni kama 1 kwa 64. Hiyo 43 inaonekana namba ya kiajabu, lakini ilitokana na treni za kuchezea ambazo zilipimwa milimita 7 kwa kila futi moja, na magari yakatengenezwa yafanane nazo. Sisi hatuna treni, kwa hivyo tulichagua 1 kwa 20. Sababu yake ni nyepesi: kila sentimita 20 za gari kubwa ni sentimita 1 ya gari dogo. Kijana aliyeacha shule darasa la tano anaweza hesabu hiyo. Unagawanya kwa mbili, halafu unasogeza nukta mara moja.

Tuchukue Toyota HiAce, hii ya abiria kumi na wanne ya mwili mwembamba. Urefu wake ni milimita 4,695. Upana ni 1,695. Kimo ni 1,980. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma ni 2,570. Ukigawanya kwa 20 unapata urefu wa milimita 235, upana 85, kimo 99, na kutoka gurudumu hadi gurudumu ni kama 128 na nusu. Andikeni hizo namba. Mkishazifuata, mtu ataliona gari lenu toka upande ule mwingine wa barabara na atasema "hiyo ni HiAce," hata kama hamjapaka rangi.

Lakini msiniamini mimi pekee. Chukueni futi ya kupimia nguo, mwende steji saa nne asubuhi wakati magari yamesimama yakingoja abiria, mwombe dereva ruhusa mpime wenyewe. Pimeni dirisha, mlango, taa, umbali kutoka taa hadi bampa. Vijana wetu waliogopa kufanya hivyo. Walidhani watafukuzwa. Dereva wa kwanza waliyemwomba alizima gari, akashuka, akashika upande mmoja wa futi. Makanga ndiye aliyekuwa akiandika.

Vipimo vikishapatikana usikimbilie bati. Kwanza chora kwenye karatasi ngumu ya katoni. Kata, kunja, shika kwa selotepu, uone kama inakaa. Katoni ni ya bure, bati si la bure. Ile katoni iliyokubali ndiyo inakuwa kielelezo chenu. Sisi tulikuja kuhamisha vielelezo vyetu kwenye bati nzito na kuvitoboa tundu tuvitundike ukutani, na tangu hapo magari yote yanafanana kama mapacha. Kila mahali pa kuungia acha ulimi wa milimita 5. Kila ukingo utakaoguswa na mkono wa mtu, ongeza milimita 4 za kukunja. Hizo milimita 4 ndizo hatukuwa nazo.

Vifaa havihitaji pesa nyingi. Unataka plaisi ya kukunjia waya yenye mdomo mwembamba, na nyingine ya kukata. Mkasi wa bati. Tupa ndogo moja ya bapa na moja ya mviringo. Rula ya chuma, kwa sababu ya plastiki italiwa na msumari. Msumari wenyewe ulionolewa kwa kuchora. Msumeno wa chuma. Nyundo ndogo, na nyundo ya mti ambayo mtajitengenezea wenyewe. Gogo la mti mgumu lenye ukingo ulionyooka sawasawa, maana bati hukunjwa juu ya ukingo huo. Ukiwa na jiriwa, vizuri zaidi. Usipokuwa nayo, funga mbao mbili kwa bolti. Pale Kamukunji jijini Nairobi mafundi wanatengeneza masanduku na majiko usiku na mchana, na wengi wao fuawe yao ni kipande tu cha chuma kizito. Nendeni mkawatazame. Nusu saa ya kutazama fundi akikunja ukingo wa sanduku itawafundisha kuliko mimi nikisema mpaka jioni.

Sasa bati. Mikebe ya mafuta ya kupikia tuliyoizoea zamani imepungua, mafuta mengi sasa yanauzwa kwa plastiki. Lakini mikebe ya maziwa ya unga, ya kahawa, ya samaki na maharagwe bado iko, hasa ukizungumza na mahoteli. Bati hilo ni chuma chembamba kilichopakwa bati jeupe juu yake. Linakunjika vizuri na linashika kulehemu. Mikebe ya soda ile laini ni alumini. Inakatika hata kwa mkasi wa karatasi na inafaa kwa mapambo, lakini usijisumbue kuilehemu kwa njia ya kawaida, haishiki. Kijana wetu mmoja alikaa siku nzima akijaribu akadhani chuma chake cha kulehemu kimerogwa. Mikebe ya kupuliza dawa ya mbu msiiguse mpaka iwe imeisha kabisa hewa, na msiitupe motoni hata siku moja, inalipuka. Na mikebe ya rangi ya zamani iacheni.

Waya tunatumia aina tatu. Milimita 3 kwa uti wa gari, yaani ule mfupa wa chini. Milimita 2 kwa kiunzi cha mwili na keria ya juu. Milimita 1 au chini yake kwa kufungia na mapambo. Uvute kwanza unyooke: funga upande mmoja kwenye mti, upande mwingine zungushia kwenye fimbo, uvute kwa nguvu mara moja. Waya uliopinda utakupa gari lililopinda.

Hapa nasimama kidogo, viongozi wa vikundi mnisikilize. Waya unatoka wapi? Siku moja vijana wetu walileta roli zima na hawakutaka kusema. Kumbe lilikuwa ua wa shule. Tulilirudisha, nikaenda nao mwenyewe hadi kwa mwalimu mkuu, na wakashona ule ua upya siku mbili. Hiyo ilikuwa ni ua tu. Ingekuwa ni waya wa simu au wa stima, ile ni kesi ya kortini, na mtoto anaweza kufa akiukata. Nunueni chakavu kwa muuzaji anayejulikana, muombe risiti, muiweke kwenye faili. Kijana akisimamishwa njiani na waya begani awe na karatasi mfukoni.

Magurudumu. Kwa HiAce gurudumu lote pamoja na mpira ni kama sentimita 68 au 69, kwa hivyo kwetu ni milimita 34 hivi, na upana ni sentimita 1. Soli ya pata pata iliyochakaa inafaa sana. Chukua bomba la chuma lenye mdomo wa kipenyo hicho, linoe mdomo kwa tupa, weka soli juu ya gogo, piga nyundo mara moja. Linatoka gurudumu la mviringo safi. Toboa katikati. Kwa mtindo wa rimu, kata kiduara cha bati kutoka mkebe wa soda, upande ule unaong'aa uangalie nje, ukichore kwa msumari usiokata, matundu ya rimu yatokee.

Ekseli ni spoki ya baiskeli. Spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2, na upande mmoja ina nyuzi na nati yake ndogo. Msiikate upande huo! Sisi tulikuwa tunakata pande zote mbili halafu tunakunja ncha, na ndiyo sababu magurudumu yalichomoka. Sasa tunaacha nati. Upande mmoja kichwa cha spoki kinazuia gurudumu, upande mwingine nati inazuia, na tone la gundi juu ya nati. Spoki ipite ndani ya kibomba kidogo cha bati kilichokunjwa juu ya msumari mnene kuliko spoki kidogo tu, na kibomba hicho ndicho kinafungwa kwenye uti wa gari. Linateleza kama jipya.

Kukunja ukingo. Hapa nitakaa, mnivumilie. Chora mstari milimita 4 kutoka ukingoni. Weka bati juu ya gogo, mstari ukae sawa na pembe ya gogo. Piga kwa nyundo ya mti, pole pole, kutoka upande mmoja hadi mwingine, usipige mahali pamoja. Likifika kama pembe ya ukuta, geuza bati, lipige lirudi ndani kabisa lilale juu ya mwenzake. Sasa ukingo una unene mara mbili na ile sehemu kali imefichwa ndani. Kwenye madirisha ambako huwezi kukunja kirahisi, kata vilimi vidogo vidogo kwenye pembe, uvikunje kimoja kimoja, halafu upitishe tupa na msasa. Mwisho, chukua soksi kuukuu ya nailoni uipitishe juu ya gari lote. Ikinasa mahali, pale pana makali, rudi na tupa. Soksi haina aibu, itakuambia ukweli kuliko mwenye duka.

Kulehemu nasema kwa uangalifu. Neno lenyewe tunalotumia, risasi ya kulehemu, linatuonya. Ile ya kawaida ina madini ya risasi ndani yake, na risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Wataalamu wa afya wa dunia wanasema hakuna kiwango kidogo cha risasi ambacho ni salama kwa mtoto. Mnakumbuka habari za Owino Uhuru kule Mombasa, ambako watu wa mtaa mzima walidhurika na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, mpaka mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Kwa hivyo mtu asije akafungua betri ya gari kutafuta risasi ya kulehemu au ya kuongeza uzito kwenye gari la mfano. Asije kabisa. Iko aina ya kulehemu isiyo na risasi, ya bati jeupe na shaba kidogo. Inayeyuka kwa joto la juu zaidi, kama digrii 227, na ile ya risasi ni 183, kwa hivyo chuma chenu kipate moto zaidi. Ni ghali kidogo. Nunueni hiyo hiyo. Fanyeni nje penye hewa, mwoshe mikono kabla ya kula, na msilehemu jikoni kwa mama.

Kutokana na hayo sisi tuligawanya kazi mara mbili, na nafikiri hili ndilo lilituokoa. Kuna gari la mtoto la kuchezea, na kuna gari la mfano la kuwekwa kabatini. Si kitu kimoja. Gari la mtoto haliwi na kulehemu hata kidogo, linashikwa kwa kukunja vilimi na kwa waya. Linakuwa kubwa, magurudumu makubwa ya pata pata, na haliwi na vitu vidogo vinavyobanduka. Mtoto chini ya miaka mitatu hutia kila kitu mdomoni. Kitu kinachopita kwenye tundu la kipenyo cha sentimita 3.2 kinaweza kumkaba koo. Sasa pimeni kizibo cha soda. Kinapita! Yale magurudumu ya utoto wetu, yote yanapita. Toboeni tundu la kipimo hicho kwenye ubao, na kila kitu kidogo kipimwe hapo.

Gari la kabatini ndilo la mapambo, na hapa vijana watawashangaza wenyewe. Vioo ni plastiki angavu ya chupa ya maji, ile sehemu iliyonyooka, imebandikwa kwa ndani kabla ya kufunga paa. Grili ya mbele ni wavu wa dirisha wa kuzuia mbu. Taa za mbele ni shanga angavu, nyuma yake kipande cha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, zinang'aa kama kweli. Usukani ni waya wa shaba uliozungushwa kwenye penseli mara moja. Viti ni sponji iliyofunikwa kitambaa, na kitambaa kiwe chembamba chenye maua madogo sana, kwa sababu ua kubwa linaharibu kipimo, linafanya gari lionekane dogo. Waipa ni waya mmoja uliochomolewa kutoka kwenye kebo ya umeme. Makosa ya wengi ni unene. Waipa ya kweli ina upana kama sentimita 1 au 2, kwa hivyo ya kwako ni nusu milimita hadi moja. Ukiweka waya wa ua pale juu ya kioo, umeweka mti wa stima.

Kabla ya rangi, osha gari kwa maji moto na sabuni utoe mafuta ya mikono. Piga msasa mwembamba. Paka rangi ya kwanza ya kushika, nyembamba, uache ikauke hadi kesho. Kisha rangi yenyewe mara mbili, nyembamba pia, ikauke katikati. Rangi nene hujaza mistari ya milango na gari linaonekana kama limemwagiwa uji. Someni kwenye mkebe, mnunue ile iliyoandikwa haina risasi. Na zile rangi za magari zinazochanganywa na kikaushi, ambazo mafundi wa gereji wanawagawia vijana mabaki, mvuke wake unaumiza mapafu. Sisi tulikataa kuzitumia, ingawa zinang'aa vizuri, nakubali.

Ule mstari wa manjano wa matatu uliotiliwa mkazo na sheria za Februari 2004 unataka kufunikwa kwa selotepu juu na chini, na selotepu ibanduliwe kabla rangi haijakauka sana. Kwa maandishi, kata kielelezo kwenye filamu kuukuu ya eksirei kama wanavyofanya wachoraji wa mabango, au tumia brashi ya nywele tatu nne. Picha na maneno ya manyanga wanayajua vijana kuliko sisi, waacheni wafanye, ila wasome kwanza kabla ya kuandika. Tulipata gari moja zuri sana lenye neno la matusi lililokosewa herufi. Namba ya gari iandikwe herufi tatu, tarakimu tatu, herufi moja. Msiandike namba ya gari la mtu bila yeye kuomba. Lakini akiomba! Hapo ndipo tulipata soko ambalo hatukulifikiria. Yule dereva aliyeshika futi alitaka gari lake mwenyewe, lenye namba yake, kistika chake, hata ile alama ya kugongwa kwenye bampa. Tukamtengenezea. Aliweka mbele juu ya dashibodi, na steji nzima ikaja.

Tufike kwenye pesa, maana naona akina mama mnanitazama. Lile agizo la kwanza la shilingi 250 lilikuwa hasara hata kama lingekubaliwa. Vifaa vya gari moja vilikula shilingi 90. Kazi ilichukua saa nane. Zinabaki 160, gawanya kwa nane, ni shilingi 20 kwa saa. Kibarua cha mjengo kinalipa zaidi. Mimi ndiye niliyekubali bei hiyo bila kuuliza kijana hata mmoja anachukua saa ngapi. Baadaye tulipokuwa na vielelezo na tukagawana kazi, mmoja anakata, mwingine anakunja, mwingine magurudumu, mwingine rangi, gari moja la kabatini lilichukua jumla ya saa tano. Vifaa vilipanda hadi 210 kwa sababu ya rangi bora na ile kulehemu ya ghali. Tuliuza 900. Zinabaki 690, ni shilingi 138 kwa saa. Hizi ni bei zetu za wakati ule, msizinakili. Lakini ile hesabu inakilini, na kijana mwenyewe aifanye ubaoni, mbele ya wenzake.

Nilisema nitarudi kwenye amana. Shilingi 3,000, vijana kumi na wawili. Tulikaa kikao, na mimi nikapendekeza kila mmoja alipe 250. Ilionekana ni haki, kila mtu sawa. Kikao kikapiga kura kikakubali. Tisa walilipa polepole kwa kubeba maji na kufua. Watatu hawakurudi, na mmoja kati ya hao watatu ni yule mwenye mikono ya ajabu. Yale yaliyobaki nililipa mimi.

Nilimkuta baada ya miezi mingi sokoni akisukuma mkokoteni. Nikamwuliza, "Mbona ulituacha?" Akaniambia, "Mama, mimi sikuwa na hizo mia mbili hamsini." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama wale wengine bado wanakata kwa macho. Nikamweleza habari ya katoni na vielelezo. Akasema hiyo ni sawa, lakini kona ya mbele ya paa isikunjwe kwa pembe, ikunjwe juu ya chupa, ndiyo ipate ule mviringo wa HiAce. Tukajaribu. Ni kweli. Hata hili gari nzuri mnalopitishiana hapo, tazameni kona ya paa. Imekunjwa juu ya chupa ya soda kwa agizo lake. Kurudi kikundini hajarudi. Nimemwendea mara mbili, na nitamwendea tena.

Kwa hivyo viongozi, mkiandika sheria za kikundi, kabla ya agizo la kwanza wekeni kando mfuko wa hasara, hata shilingi 20 kwa kila gari linalouzwa. Na amana ya mteja isiguswe yote. Nunueni vifaa vya gari moja, mtengeneze moja tu, mumpelekee alishike, alisukume, alipitishe soksi. Akikubali hilo, ndipo mtengeneze la pili.

Haya, nimesema vya kutosha na naona mikebe inawawasha. Meza ile ya kushoto ni ya kuchora katoni, namba za HiAce nimeziandika ubaoni. Meza ya kulia ni ya kukunja ukingo, mtaanza na kipande cha bati cha sentimita 10 tu, kikunjwe pande zote nne. Glavu ziko kwenye kikapu, ni jozi sita, mpokezane. Na hakuna atakayepewa mkasi wa bati kabla soksi haijapita juu ya kipande chake.